Tukihama Chumba Tusifutwe: Barua ya Wazi Kutoka kwa Mpangaji wa Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia ardhi na nyumba, serikali za mitaa, na mpango wa kunusuru kaya maskini,
Na kwa Waheshimiwa Wabunge wa majimbo ya Dar es Salaam.

YAH: KODI YA MIEZI SITA KWA MKUPUO, KUTOLEWA NYUMBANI BILA NOTISI, NA RUZUKU INAYOPOTEA MPANGAJI ANAPOHAMA MTAA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga katika jiji hili kwa miaka kumi na tisa, na nimeshakaa vyumba saba, nikianzia Mbagala, nikaja Buguruni, nikapita Mburahati na kwingineko. Ni katibu wa kikoba cha wanawake ishirini na watatu, karibu wote wapangaji. Kwa kuwa naandika vizuri kidogo, mimi ndiye ninayewaandikia wenzangu barua, ninayewasindikiza kwa mtendaji na kukaa nao kwenye benchi la baraza wakisubiri kuitwa. Sina cheo kingine zaidi ya hicho.

Hii si barua yangu ya kwanza kuhusu jambo hili. Mbili nimeshazipeleka kwa mkono, katika ofisi mbili tofauti. Sitazitaja hapa, maana sitaki mtumishi mmoja abebeshwe mzigo wa utaratibu mzima. Nakala zangu zote zina muhuri wa bluu wa IMEPOKELEWA na tarehe. Tangu muhuri wa kwanza ugongwe imepita miezi kumi na minne. Nimeambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko kikaoni, mkubwa amehamishwa, faili linatafutwa. Ndiyo maana leo naandika hadharani, kwa heshima ileile niliyoandika nayo faraghani.

Niwaeleze kwanza kilichonifikisha hapa.

Katika nyumba niliyokuwa nikiishi zamani, nyumba ya vyumba sita na koridoo katikati, chumba cha kwanza kulia alikaa bibi mmoja wa miaka sabini na moja na wajukuu wawili. Mama yao alishafariki. Bibi alikuwa akikaanga mihogo barazani asubuhi, na alikuwa mlengwa wa ruzuku ya kaya maskini. Ruzuku ile haikuwahi kulipa chumba. Ilikuwa ikinunua sare, madaftari, na unga siku ambazo mihogo haikutoka. Chumba alikilipia kwa mihogo, Sh 50,000 kwa mwezi, miezi sita sita.

Mwezi wa nne mkataba ukaisha. Mwenye nyumba akasema kodi imepanda hadi Sh 60,000, na anataka miezi yote sita kwa pamoja, yaani Sh 360,000. Bibi alikuwa na Sh 180,000 kwenye kitambaa. Akazitoa, akaomba zipokewe kama kodi ya miezi mitatu. Zikarudishwa.

Siku ya nne yake, mvua ya masika ikinyesha tangu alfajiri, mwenye nyumba alikuja na vijana wawili. Hawakuwa na karatasi ya baraza wala ya mahakama. Waling'oa mlango. Hawakuufunga, waliung'oa pamoja na bawaba zake, wakauegemeza ukutani koridoni. Kisha vyombo vikatolewa nje: godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa, kabati la vyombo lililobaki na kioo upande mmoja. Godoro la sufi likishanywa maji ya mvua halibebeki na mtu mmoja. Tulilibeba watu wanne, na bado lilikuwa likituburuta. Bibi hakuhangaika na godoro. Alikuwa amekumbatia kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, kadi ya kliniki na kitambulisho chake cha mlengwa. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kisilowe. Hiki ndicho kinachonitambulisha."

Alipata chumba kata ya jirani, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Malipo yaliyofuata hakuyapata. Alipokwenda mtaa wa zamani aliambiwa amehama, si mkazi wao tena. Mtaa mpya wakamwambia hawamtambui, na orodha yao ilishafungwa. Nilikuwa naye safari zote mbili. Kitambulisho kilikuwa kikavu, namba zote zinasomeka.

Waheshimiwa, katika wiki tatu mama yule alipoteza chumba na ruzuku kwa pamoja, na kosa lake lilikuwa moja tu, kukosa Sh 180,000 nyingine siku aliyotakiwa kuwa nazo. Ninayoyalalamikia ni haya yafuatayo.

1. Kodi ya mkupuo

Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa sekta ambazo hazikutajwa kwa jina. Hao ndio majirani zangu. Na hao wana nafuu, kwa kuwa wengine wanalipwa kwa siku, na siku isiyo na kazi haina malipo. Sasa mtu anayepata hela yake kwa mwezi au kwa siku anatakiwa alipe kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, siku moja. Chumba cha Sh 50,000 maana yake ni laki tatu. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, laki tatu na nusu. Ongeza hela ya kuoneshwa chumba, ambayo dalali anaichukua hata usipokipenda. Bado hujabeba kitanda.

Hela hiyo inatoka wapi? Mimi ni katibu, daftari la mikopo liko kwangu. Sababu ya kwanza inayowafanya wanakikundi wetu wakope ni kodi ya chumba. Ada, msiba na mtaji vinafuata nyuma. Na kikoba kikikosa, mtu anakwenda kwenye mikopo ya kausha damu, anaacha kitambulisho na picha ya televisheni yake, anakatwa kila jioni. Nimemwona mwanamke mwenzangu akimaliza kulipa deni la kodi ya miezi sita wiki ileile ambayo miezi sita mingine imeanza kudaiwa.

Mwaka 2005 Bunge lilifuta Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Sitetei kila kilichokuwemo mle. Ninachosema ni kwamba ilipoondoka, hakuna kilichowekwa mahali pake kumlinda mpangaji wa chumba kimoja. Tumesikia zaidi ya mara moja kwamba sheria ya kusimamia sekta ya milki inaandaliwa. Watoto waliozaliwa mwaka ule sheria ilipofutwa leo nao wanatafuta vyumba vya kupanga.

2. Kutolewa bila notisi

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu, na inaweka utaratibu wa notisi ya maandishi kabla ya kuvunja upangaji. Hayo yako kwenye kitabu. Mtaani notisi ni kufuli jipya juu ya kufuli lako, au bati juu ya kichwa chako kuezuliwa, au mlango kung'olewa kama nilivyoona.

Siku ile tulikimbilia kituo cha polisi. Tukaambiwa hilo ni jambo la madai, twendeni baraza. Tukaenda baraza la kata. Pale kuna wazee wenye nia njema, lakini tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2021 mabaraza ya kata hayana tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana unapewa hati ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda huko hata bila hati. Mwenye nyumba hakuitikia wito. Siku 30 ni nyingi kwa mtu ambaye vyombo vyake viko kwenye baraza ya jirani chini ya turubai. Bibi hakungoja. Alikwenda kutafuta chumba kingine, na shauri likafa kwa sababu mlalamikaji hakurudi. Nadhani kwenye kumbukumbu linahesabika kuwa limekwisha.

3. Ruzuku iliyofungwa kwenye mtaa

Hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo linaloniumiza zaidi, na ndilo ninaloamini linaweza kurekebishwa bila Bunge wala fedha mpya.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ukaja baadaye ndani yake. Kipindi cha pili cha mpango huo, kilichozinduliwa Februari 2020, kilikusudia kufika kwenye mitaa, vijiji na shehia zote nchini. Mimi nilifurahi kusikia neno "zote". Nilielewa kwamba hakutakuwa tena na mtaa wa walengwa na mtaa usio na walengwa. Kama mpango uko mtaa wa huku na uko mtaa wa kule, mtu anayevuka kichochoro anapotelea wapi?

Kijijini kaya ina shamba, ina makaburi ya wazee, mwenyekiti anaijua tangu babu. Ukiiandika leo utaikuta hapohapo miaka mitano ijayo. Maskini wa Dar es Salaam hana shamba, ana mkataba wa miezi sita. Anahama kwa sababu ni maskini. Kodi ikipanda anasogea, bonde likijaa maji anasogea, nyumba ikiuzwa anasogea. Kwa hiyo utaratibu unaomfuta mtu kwa kuhama unaanza kumfuta yule aliyezidiwa zaidi. Aliye na nafuu kidogo, mwenye kibanda chake, anabaki kwenye orodha kwa sababu hana haja ya kuhama.

Na mipaka yenyewe haionekani kwa macho. Tandale iko Kinondoni, Manzese iko Ubungo tangu Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni. Mtu anatoka kwa dada yake kununua chumvi anavuka manispaa na kurudi bila kujua. Akihamisha godoro umbali huohuo, kwenye karatasi amekwenda wilaya nyingine.

Nitasema jambo ambalo nimelifikiria sana. Oktoba 2024, kuanzia tarehe 11 mpaka 20, tuliitwa kujiandikisha kwenye daftari la wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba. Walipita na vipaza sauti. Wapangaji tulikwenda, tukaandikwa, na tulipiga kura. Mpangaji wa miezi kadhaa alihesabiwa mkazi, na ilikuwa haki kabisa ahesabiwe. Naomba ukazi uleule utambuliwe siku ya malipo ya ruzuku.

Wala shida haiko kwenye ruzuku peke yake. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure, lakini anahitaji kutambuliwa na mtaa. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inahitaji barua ya mtaa. Shule inataka barua ya mtaa. Na mtaa, kabla haujaandika barua, unauliza mwenye nyumba wako nani na mjumbe wako nani. Ukiwa umetolewa kwa ugomvi, mwenye nyumba wa zamani hakuandikii. Wa mpya hajakuzoea. Katikati hapo mtu anaweza kukaa nusu mwaka bila kuwa wa mahali popote, huku simu yake ikiwa na laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole na namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ikiwa ileile popote alipo. Kampuni za mikopo zinamfikia ndani ya dakika moja, awe Bunju au Chanika.

4. Kodi ya majengo kwenye LUKU

Hili ni fupi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo inakatwa kwake. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba wetu. Sijakutana na mpangaji wa chumba kimoja aliyerudishiwa hata shilingi. Ni hela ndogo, lakini kwa bibi wa mihogo ni kilo ya unga, na hakuwahi kumiliki hata tofali.

5. Msaada wa kisheria unaopita kama msafara

Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na inawatambua wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imewafikia watu wengi, na tunaishukuru. Ila mahema yanakaa siku chache, kisha yanakwenda mkoa mwingine, na kufuli linawekwa mlangoni siku ambayo hema halipo.

Waheshimiwa, najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa kwa mdomo mara nyingi. Niyajibu kabisa.

Mtaniambia upangaji ni mkataba wa watu wawili na Serikali haiwezi kuuingilia. Lakini daladala ni mali ya mtu binafsi, na nauli yake inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kituo cha mafuta ni cha mtu binafsi, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inatangaza bei kikomo. Mwajiri wa mfanyakazi wa ndani ni mtu binafsi ndani ya nyumba yake, na mshahara wa chini umewekwa. Hakuna aliyesema biashara imeuawa. Chumba ndicho kinachokula hela ya mpangaji kuliko nauli na kuliko mafuta ya taa. Kwa nini hapo tu ndipo Serikali inakosa mkono?

Mtaniambia tukirudisha udhibiti watu wataacha kujenga. Hoja hii naiheshimu. Jiji hili la watu 5,383,728 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022 halikujengwa na mashirika. Limejengwa na watu wa kawaida, chumba baada ya chumba, na tukiwakatisha tamaa tutalala nje sisi. Ndiyo maana hatuombi kodi igandishwe wala bei ipangwe na ofisi. Mwenye nyumba apange bei yake. Tunachoomba ni namna ya kulipa na namna ya kuachana.

Mtaniambia mwenye nyumba naye ni maskini. Ni kweli, wengi wao ni wajane na wastaafu. Mwenye nyumba wangu wa Buguruni alikuwa mjane. Alipokea kodi kila tarehe 5 ya mwezi, anaandika kwenye daftari lenye jalada jekundu, nasi tunatia sahihi. Nilikaa kwake miaka minne. Sikumbuki mwezi aliokosa hela yake, ila mmoja ambao niliuguliwa na mtoto, nikamlipa nusu tarehe 5 na nusu tarehe 20. Najua pia wapo wapangaji wasumbufu, wanaokaa miezi mitano bila kulipa na kuondoka usiku. Hao ndio sababu ya kutaka baraza lenye meno, litakaloamua haraka kwa pande zote mbili. Mwenye nyumba mwaminifu atafaidika nalo sawa na mimi.

Mtaniambia wapo watu wanaojiandikisha mitaa miwili ili walipwe mara mbili. Inawezekana. Lakini namba ya NIDA ni moja kwa mtu mmoja, na malipo yanayopita kwenye simu yanaacha kumbukumbu. Mdanganyifu akamatwe kwa namba yake. Bibi asiadhibiwe kwa wizi ambao hakuufanya.

Na mtaniambia bajeti ni finyu. Basi naomba mtazame ng'ambo ya maji, safari ya saa mbili kwa boti. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, kwa kila mkazi wake mwenye miaka 70 na zaidi. Ilianza na Sh 20,000 kwa mwezi, sasa ni Sh 50,000. Hapimwi kama ana redio au hana, wala haitishwi mkutano wa kumjadili kama ni maskini wa kutosha. Umri wake unatosha. Bibi wangu ana miaka sabini na moja. Ni raia wa Jamhuri hiihii.

Najua vilevile kwamba Ibara ya 11 ya Katiba yetu, inayotaja haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, imo kwenye sehemu ambayo mahakama haiwezi kulazimisha itekelezwe. Mwanasheria mmoja alinieleza hilo kwa upole, ili nisipoteze nauli. Lakini kama jaji hawezi kuwaagiza, basi jambo hilo limeachwa kwenye dhamana yenu moja kwa moja, na ndiyo sababu barua hii imekuja kwenu.

Wala msidhani tunaomba lisilowezekana. Wakazi wa Magomeni Kota walibomolewa nyumba zao wakasubiri karibu miaka kumi. Zilikuwa kaya 644. Walipokumbukwa, ziliorodheshwa kaya zilezile 644, zikajengwa nyumba 644, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua. Walishatawanyika jiji zima, kila mmoja kwenye chumba chake cha kupanga, na walipatikana. Walikuwa wamehama, lakini hawakufutwa.

Kwa hiyo tunaomba haya.

Kwa Waheshimiwa Wabunge: leteni sheria fupi ya upangaji wa nyumba za kuishi. Kodi ya mbele isizidi mwezi mmoja, na amana isizidi mwezi mmoja mwingine, irudishwe ndani ya siku 30 mpangaji akitoka. Kupandisha kodi kutanguliwe na notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Kumtoa mtu kwa kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kubadilisha kufuli bila amri liwe kosa la jinai, ili polisi wa zamu asipate pa kusema ni la madai. Dalali asajiliwe, alipwe na aliyemtuma, na hela ya kuonesha chumba ifutwe. Kodi ya jengo ikikatwa kwenye mita ya mpangaji, ipunguzwe kwenye kodi ya chumba kwa mujibu wa sheria, pasiwe na haja ya kubembelezana.

Kwa mnaosimamia serikali za mitaa: mpangaji anayehama apewe barua ya uhamisho siku hiyohiyo, bure, na mtaa anaokwenda uipokee bila kungoja ridhaa ya mwenye nyumba. Msaidizi wa kisheria akae ofisi ya kata walau siku mbili kwa wiki, siku zinazojulikana, zibandikwe ukutani.

Kwa mnaosimamia mpango wa kunusuru kaya maskini, wa sasa na wowote utakaoufuata: ruzuku imfuate mlengwa kwa namba yake ya NIDA. Asiondolewe kwenye orodha kwa sababu ya kuhama mpaka mtaa mpya uthibitishe kumpokea, na malipo yaliyosimama katikati alipwe yote kwa pamoja. Anayeondolewa apewe barua inayotaja sababu na mahali pa kukata rufaa. Mpaka leo bibi hana hata karatasi moja inayosema ameondolewa. Anajua tu kwamba hakuitwa.

Na kwa haraka kuliko yote, kabla ya sheria yoyote, tunaomba walengwa wa Dar es Salaam waliohama tangu uhakiki wa mwisho watangaziwe siku ya kujitokeza upya. Watangaziwe kwa vipaza sauti vilevile vya Oktoba 2024, katika mitaa yote, na wapewe wiki mbili. Nitajitolea kuandika majina ya kata yangu bila malipo, na nina wenzangu sita walio tayari.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 60. Yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, ndiko wengi wetu tunakosoma. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mkono kama zile mbili za kwanza, na imegongwa muhuri.

Bibi anakaanga mihogo bado, huko alikohamia. Wajukuu wanasoma, mmoja yuko darasa la sita. Kopo la maziwa liko juu ya kabati. Macho yake hayamruhusu kusoma tena, kwa hiyo majibu yenu yakija, nitamsomea mimi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikoba, fundi cherehani, mpangaji
Dar es Salaam